Mwaka Tulilisha Kasiksi ya Kambale

Kwenye matanga ya Mukaka, nyanya yetu, mwezi uliopita, batu balikunywa bière ya usine. Balipanga ma-casier chini ya bâche, ile turubai ya matanga, chupa zikiwa na baridi ya Butembo tu bila frigo, na bapapa badogo, bandugu ya papa yetu, balikuwa banazifungua na meno kama vile meno ni ya jirani. Kisha muzee mumoja mwenye alitoka Lubero, amevaa koti ya harusi yake mwenyewe, akauliza kwa sauti: "Kasiksi iko wapi? Tunazika muke mwenye alitukamulia pombe ya ndizi maisha yake yote, na tunamuzika na chupa?" Macho yote yakanigeukia mimi, nimesimama na sahani ya fufu kwa mukono, ju kila mutu anajua mimi njo nililala na Mukaka chumba kimoja, mimi njo nilikamua naye. Nikamujibu: "Muzee, mwenye alijua kuitengeneza njo yule mwenye mumetoka kuzika. Mungemuomba mbele." Balicheka, ile kicheko ya matanga, fupi, yenye inajifunika kinywa yenyewe. Tantine Furaha akanipiga jicho. Ni pale, nyuma ya bâche, niliona Masika anaingia na mutoto mugongoni.

Sikukuwa nimemuona tangu alipoolewa Beni. Alikuwa amenenepa kidogo mashavu, na kitenge chake kilifungwa vizuri kama cha mutu mwenye anashona mwenyewe. Alisalimia bazee, akapiga magoti mbele ya photo ya Mukaka, kisha akanifuata jikoni nilipokuwa naosha masahani. Hakusema pole. Alinusa hewa tu, akauliza: "Kavira, ile chumba ingali inanukia?" Nikamuambia: "Inanuka. Nilifuta na sabuni, na javel, na maombi ya Tantine. Bado." Tukaingia. Tukakaa kwenye kitanda cha Mukaka, yeye ananyonyesha, mimi naangalia vidole vyangu vyenye povu, na harufu ilikuwa pale kweli, tamu na kali, kama ndizi yenye imekasirika. Batu wengine banangojea kuwa bazee mbele ya kuandika mambo ya ujana. Mimi niko sixième, mwaka wa mwisho wa masomo, bado natumwa kununua chumvi. Mais katika ile chumba tulikuwa batatu: mumoja tumemuzika, mwengine eko na bwana na mutoto. Nikisema ningojee uzee, nani atanisahihisha nikidanganya?

Ile mwaka nilikuwa quatrième. Namna gani mimi na Mukaka tulitoka Mabalako tukafika kwa Tantine Furaha, sitasema; kila parcelle ya Butembo iko na hadithi kama ile, na zote zinafanana mpaka zinachosha. Nitasema chumba. Kilikuwa nyuma, cha mbao, kitanda kimoja, dirisha dogo lenye liliangalia jikoni, na ukuta ulibandikwa makalenda ya kanisa ili upepo usipite. Upepo ulipita. Mukaka alikuwa mutu wa fasi ya joto, Butembo ilimuuma mifupa, alilala na kitambaa kichwani na soksi mbili kila muguu, na alisema huu muji batu walijenga juu ya barafu kwa sababu ya kupenda biashara. Chini ya kitanda mulikuwa bidon ya njano, ile kubwa ya mafuta, imefungwa blanketi. Blanketi yetu nzuri. Sisi tulijifunika ile ingine, yenye ilikuwa na madirisha mingi kuliko chumba.

Ndani ya bidon mulikuwa pombe ya dot, ile mahari ya kaka yangu Kambale. Kwetu, mbuzi unaweza kununua sokoni, jembe unaweza kununua, mais kasiksi ya dot haitoke sokoni. Inatoka kwa mikono ya nyanya ya muoaji. Bakwe banaonja ili bajue binti yao anaingia nyumba ya namna gani: kama pombe ni maji maji, ni nyumba ya bavivu, kama inauma mbele ya kuwa tamu, ni nyumba ya bagomvi. Na kuko mbele ya ile: siku ya kukamua, papa ya binti anakuja kuonja mutobe, ile jus ya kwanza, mbele haijageuka. Akishaonja, binti ni wenu. Hakuna nyumba ingine inaweza kuleta pombe yake mpaka ile yenu iishe, inywewe yote, na papa ageuze kikombe chini. Papa ya Masika alikuwa ameonja. Alilamba mpaka kidole. Masika alikuwa anajifunza couture karibu na soko, Kambale alikuwa motard, walikuwa bamejuana siku moto yake, ile pikipiki ya kubeba abiria, ilikwama mbele ya mashine yake ya kushona, na kadiri mimi najua, ile moto haikukuwa imeharibika.

Shida ilikuwa Tantine. Tantine Furaha ni binti ya Mukaka na ni shemasi kanisani, na kwake hata dawa ya kukohoa ananusa mbele ya kukupatia. Niliwasikia siku ya kwanza ya bidon, mimi niko nyuma ya rideau, ile pazia ya salon.

"Mama, hapa kwangu pombe hapana."

"Iko wapi pombe?"

"Ile katika bidon."

"Ile ni jus."

"Mama, inapumua!"

"Jus ya Mabalako inapumuaga."

Tantine akasema, polepole, kama mutu mwenye anasoma sheria: "Jus naruhusu. Mambo yenye jus inafanya chini ya kitanda, mimi sikuyaona." Na hakuona kweli. Bamama ya chorale walipokuja kurudia nyimbo zao salon, mumoja alisimama katikati ya wimbo, akauliza harufu gani hii. Nikasema ni viatu vyangu vya masomo, bamama, mutuombee. Baliomba. Wanne, mikono juu ya viatu. Mukaka nyuma ya ukuta alicheka mpaka kitanda kikalia.

Kambale aliondoka asubuhi moja ya ukungu, amevaa imperméable yake nyekundu ya mvua. Alikuwa anapeleka abiria Beni, kisha aendelee mpaka Kamango, ju kule bitenge bya Uganda ni bei ya chini, na alitaka kitenge kizuri cha mama-mukwe. Aliingia chumbani na helmet kichwani, akainama kuangalia bidon kama mutu anaangalia mutoto mwenye analala. Mukaka akamuambia: "Ukose kukawia. Hii pombe haina breki." Akajibu: "Mukaka, hata mimi." Kisha akanigeukia: "Na wewe, ukikunywa nitajua, utaanza kusema kweli." Nilimurushia soksi. Sikumuaga vizuri, na sijutii: kati yetu soksi ilikuwa kuaga. Alituma message kutoka Beni kwamba amefika na kuko jua. Kisha telefone yake ikaanza kusema ile mama wa kifaransa mwenye anasema mutu hapatikane.

Balipata moto yake kando ya barabara, imeungua. Abiria na bamotard wengine balipatikana, kwa namna mbaya, sitaandika. Yeye hapana. Wale batu ya pori, wenye bunduki, banachukuaga vijana wenye nguvu, babebee mizigo, kwa hiyo mutu kutokupatikana ilikuwa ni jambo lenye liko na pande mbili, na kila mutu nyumbani alichagua pande yake bila kuwaambia wengine. Tantine aliomba. Bapapa badogo walipiga telefone kwa kila mutu wa Kamango mwenye aliwahi kuwa na namba. Mimi nilianza kusema michezo mingi zaidi masomoni, ile ya kuchekesha batu, prof wa français akanifukuza, nikasema merci. Mukaka aliuliza kitu kimoja tu: "Nani anaweza kuniletea ndizi?"

Sikuelewa. Siku ya dot ilikuwa imepita, chumba kilikuwa kinajaa bamama wa kulia, na yeye anataka ndizi. Ni lazima kujua kwamba kasiksi haiishi muda murefu. Kwanza ni jus. Kisha inachemka yenyewe bila moto. Kisha inakuwa tamu yenye kuuma ulimi, na pale njo mutu anapaswa kuinywa. Kisha inakuwa kali. Kisha ni siki, na siki unaweza kufuta nayo dirisha. Mukaka alikuwa na namna moja ya kuichelewesha. Alitoa kidogo ya zamani, akaweka mutobe mupya nafasi yake, na konzi ya unga ya bulo, ile ulezi, yenye alikaanga. Ile mupya inapata homa ya ile ya zamani, inaamka, na bidon inaendelea. Alisema "kulisha". Mabalako alikuwa amelisha pombe hivyo wakati wa mvua, ndugu wakichelewa kufika kwa karamu, siku chache tu. Sasa alitaka kulisha mpaka mutu arudi. Kama Kambale anatoka pori na anakuta pombe imekufa, alisema, atakutana na bakwe na mikono mitupu, na sisi tutakuwa tumemuaibisha kwa sababu ya uvivu.

Basi, kila Jumamosi. Bamotard wa parking ya Kambale balileta ndizi za pombe, mbichi, kutoka njia ya Mangina, zimefungwa nyuma ya moto kama abiria. Hawakuulizwa wala hawakukosa. Mukaka alizivundika juu ya jiko, kwa moshi, na majani makavu. Butembo ndizi zinakataa kuiva, zinaona baridi sawa sisi. Zile za Jumamosi iliyopita tulimenya, tukaweka katika bassin na majani membamba, yale yenye yanakata mukono, na tukakamua, tukakamua mpaka jus ikatoka safi, rangi ya chai ya maziwa. Masika alikuja kila mara. Alifika na beignets, yale mandazi, katika karatasi, akavua viatu, akafunga kitenge, akaingiza mikono. Hakukuwa mujane, hakukuwa muke, hakukuwa fiancée wa kweli ju uchumba ni batu wawili. Alikuwa binti wa Jumamosi. Mukaka alionja, akafunga macho, akasema kama inapaswa bulo zaidi ao hapana. Ile yenye alitoa kwenye bidon, alipatia bamotard, kikombe kimoja kimoja, mulangoni mwa jiko. Hao balikuwa bandugu wa Kambale, balikuwa na haki. Balikunywa wamesimama, helmet chini ya mukono, kama kanisani.

Nikikumbuka ile mwaka, na ni aibu kidogo kuandika, nakumbuka tulicheka sana. Beignets na jus ya moto moto. Mukaka anaiga namna Tantine anatembea akipita mulangoni ili asione. Masika akinifundisha kushona kifungo, na mimi nakishona kwenye uniforme yangu na kwenye shuka pamoja, nasimama, na kitanda kizima kinakuja. Lakini kicheko kilikuwa na mwisho wake. Kila mara, karibu na saa ya kurudi kwake, Masika alikuwa anaosha mikono muda murefu kuliko inavyotakiwa. Siku moja tulikuwa wawili kwenye robinet, bomba ya maji, akaniuliza bila kuniangalia: "Kavira. Unafikiri atarudi?"

Nilikuwa na jibu la kweli, nikaliacha. Nikasema: "Akirudi, atakuta wewe na pombe mumechacha wote wawili, atachagua pombe."

Alicheka. Kisha akakaa kwenye jiwe la kufulia na akalia, mikono ingali inatoa maji, na mimi nilisimama pale na bassin, mutu wa michezo, sina mchezo.

Kisha papa ya Masika alikuja. Ni mutu wa heshima, Mukatoliki, anauzisha misumari na mabati, anaongea polepole kama mutu anapima. Tantine alimuweka salon, akamupatia chai, na mimi nikawa na kazi ya ghafula ya kupiga pasi nyuma ya rideau. Kulikuwa na pasi baridi na shati moja.

"Mama Furaha, mimi sikuja kugombana. Nimelia huyu kijana kama wangu."

"Najua, papa."

"Mais kuko nyumba Beni, fundi wa mbao, kijana mutulivu. Baliniomba Masika. Niliwajibu nini? Niliwajibu kwamba nilionja. Pombe ya watu haijaisha. Mwaka unakaribia kuisha, pombe haijaisha! Pombe gani hii?"

"Mama analisha."

"Nasikia. Muji wote unasikia." Kikombe kiligonga sahani. "Mutoto yangu si muke wa bidon, Mama Furaha."

Nilisikia tu Tantine anavuta pumzi ya mutu mwenye anajua kwamba mwengine eko na haki.

Wakaitana: bapapa badogo, Tantine, papa ya Masika. Kwetu, mutu akipotea bila mwili, banazika mugomba nafasi yake. Banakata mugomba, banauvalisha, banauita jina lake, banaulaza katika shimo, ili matanga ipate mwisho na yeye mwenyewe, kule aliko, apate fasi ya kulala. Kisha pombe inaweza kunywewa, kikombe kinaweza kugeuka. Wakaamua. Wakamutuma Tantine kumuambia Mukaka, na Tantine akamuambia na maneno ya kanisa, yale laini, na Mukaka alisikiliza yote mpaka amina. Kisha akauliza: "Nani alimuona?"

"Hakuna mutu, Mama."

"Basi muzike ile barabara, njo yenye iliona."

Akaingia chumbani, akafunga mulango, na mimi niko ndani ju nilikuwa nafanya exercice ya hesabu kitandani. Alikaa chini, mugongo kwenye bidon. Nje nilisikia sauti za wanaume, panga ikinolewa kwenye jiwe. Walikuwa bamekwisha kuleta mugomba, waliuweka barza, mbele ya nyumba. Mukaka alikuwa anachezea uzi wa blanketi. Alikuwa mudogo. Sikukuwa nimeona mbele ya pale kwamba amekuwa mudogo hivi.

Masika akagonga. Alikuwa peke yake. Mukaka akasema mufungulie, na nikafungua, na Masika akakaa chini pia, viatu mulangoni kama siku ya kukamua.

"Papa yako anasema nimekufunga," Mukaka akasema.

"Ni yeye mwenye anasema, Mukaka."

"Na wewe?"

Masika alitoa jani moja kavu kwenye mukono wa blouse yake, akaliangalia. "Mukaka, mimi niliacha kumungojea zamani. Tangu mavuno ya maharagi ya kwanza. Asubuhi moja niliamuka na nikajua tu, kama vile mutu anajua mvua imekwisha, bila kufungua dirisha. Niliogopa kukuambia. Nilisema nikiacha kuja, utabaki peke yako unamungojea, wewe na Kavira, na Kavira ni mupumbavu."

"Ni mupumbavu kweli," Mukaka akasema.

Nikarudia exercice yangu ya hesabu.

"Na mimi," Mukaka akasema, "unafikiri ninalisha hii kitu ju ya nani? Kambale? Kambale alikunywa maji ya chini ya daraja na akasema ni tamu. Nilisema, siku hii pombe inakufa, batu watasema: huyu binti alianza ujane mbele ya kuolewa. Nilisema acha ikae kwanza, heshima yake ikae. Kila Jumamosi ulikuja na ile macho. Ningefanya nini?"

Wakaangaliana. Jumamosi zote zile, kila mumoja akikamua kwa ajili ya mwenzake, na majani yakiwakata wote. Mpaka leo sijui kama Mukaka alisema kweli. Nafikiri alisema nusu. Nilikuwa nalala naye. Nilisikia anavyoamuka akisikia moto inapita, kila moto, katika muji wenye kuko moto mingi kuliko mbwa. Lakini alimupa Masika ile nusu, na Masika akaichukua, akaweka kichwa chake kwenye goti la Mukaka. Nilikuwa na mchezo mumoja tayari, mzuri hata, kuhusu mupumbavu mwenye alikuwa anajua hesabu. Nilimeza.

Mukaka akasimama, akavaa kandambili zake, akatoka barza. Bapapa badogo wakasimama haraka. Mugomba ulikuwa umelala kwenye mukeka, wameufunika na shuka nyeupe. Akafunua.

"Huyu ni nani?"

"Ni mugomba, Mama," papa mudogo mumoja akasema.

"Najua ni mugomba, nilizaliwa chini yake. Nauliza ni nani. Kambale alinipita kichwa na bega. Huyu ni mutoto wa masomo ya maternelle."

"Mama, ni alama tu..."

"Alama ya nani? Mukikosa urefu, mumezika mutu wa kwingine."

Na akashuka. Alishuka mwenyewe mpaka bondeni, kwenye ndizi za jirani, na sisi wote nyuma yake katika matope, Tantine amekamata sketi na mukono mumoja na bibilia na mwengine. Alipita mugomba kwa mugomba. Alisimama mbele ya kila mumoja, akainua mukono, mpaka pale alizoea kumufikia Kambale ili amutengenezee kola. Mwengine alisema munene. Mwengine alisema amepinda, Kambale hakupinda. Kisha alifika kwa mumoja, akainua mukono, mukono ukafika, na hakuushusha. Tulingojea. Hakuna mutu alimuambia ashushe. Kisha akasema, sauti yake ya jikoni, ya kuomba chumvi: "Huyu."

Wanaume wanne waliupandisha, wakiteleza, wakitukana kidogo kidogo kwa Kinande ili shemasi asisikie, na shemasi alisikia. Masika alikuwa ameleta shati, nyeupe, yenye alishona kwa siku ya dot. Alilivalisha mwenyewe. Mugomba hauna mabega. Vifungo vilifika, lakini mikono ya shati ililala pande mbili, mitupu, na alipoona vile akaikunja mbele, mumoja juu ya mwengine, akaifunga na uzi. Shimo, bila shaka, walikuwa wamechimba kwa ule wa kwanza. Mugomba ukakataa kuingia. Papa mudogo akasema tukate kidogo chini. Mukaka akasema, "Kata miguu yako." Wakachimba tena. Nilisema, kwa sauti yenye ilitoka bila kuniuliza: "Kambale, hata leo unatutumikisha." Mukaka akanigeukia, nikajua napigwa. Hakunipiga. Alicheka, mara moja, kama kikohozi, kisha kicheko kikageuka, na Masika akamukamata, na ilikuwa mara ya kwanza tangu moto iungue kumuona analia. Pasteur alikuwa amekataa kuja, alisema haombei mti. Tantine Furaha akasimama kichwani mwa shimo, akafunga bibilia, na akaimba peke yake mpaka sisi wengine tukapata sauti.

Nyuma ya kufukia, Mukaka akatoa bidon katika blanketi. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha papa ya Masika. Ile pombe ilikuwa na mwaka, mumoja hivi, na kulisha kote hakukuweza kuficha: ilikuwa kali, ilikuwa siki yenye bado inakumbuka sukari. Uso wake ulijikunja, macho yakatoa machozi, sijui ya nini kati ya mambo mawili. Akakunywa yote. Akageuza kikombe chini, akakiweka kwenye mukeka, na Masika akaangalia kile kikombe, mabega yake yakashuka. Kisha kila mutu akakunywa, bamotard, majirani, mimi pia, mbele ya macho ya wote. Tantine alinyoosha mukono. Mukaka akamumiminia kidogo, akamupatia bila neno, Tantine akakunywa bila neno, akarudisha kikombe.

Jumamosi yenye ilifuata, tulisikia moto mulangoni. Hakuna mutu alikuwa amewaambia bamotard baache kuleta. Kijana wa parking alishusha mukungu mumoja, mbichi, mukubwa, akasalimia, akaenda kazi yake. Mukaka alisimama mbele ya zile ndizi. Masika hakuja, na hatukumungojea. Nikauliza niziweke juu ya jiko, ziive?

"Menya," akasema. "Tunapika."

Ndizi za pombe hazipikwe. Kila mutu anajua, hata mimi mupumbavu. Zilitoka kwenye chungu zikiwa za rangi ya udongo, zinakamata meno, chungu chungu, maharagi yakashindwa kuzisaidia. Tulikaa kwenye kitanda, sahani kwenye magoti, mulango wazi. Mukaka alitafuna ya kwanza, akameza kwa shida, akachukua ya pili. Tulizila zote.